Nyama ya moshi haikuwa na kosa: uchambuzi wa sufuria moja ya maharage, Kigoma

Jumapili ile sufuria iliepuliwa saa nane na nusu mchana, na maharage yalikuwa hayajaiva. Hapakuwa na namna. Mama alikuwa ametoka Kasulu na gari la alfajiri, watoto walishakula mkate mara mbili kuzugia njaa, na ugali wa muhogo ulishafunikwa mezani. Wifi yangu akapakua akiwa ameinamisha uso.

Harage la kwanza nililotia mdomoni lilikuwa zima, limejaa, ganda limenyooka bila kunyanzi hata moja. Kwa macho ungesema limeiva. Nilipolibana kwa meno likakatika vipande viwili, ndani kukavu, unga wake unakwaruza ulimi kama chaki. Mchuzi ulikuwa na chumvi kali na uchungu wa masizi, na nyama ilikuwa imekwisha kuwa nyuzinyuzi zisizo na ladha.

Mama hakusema neno mezani. Alichovya matonge matatu, akatafuna kipande kimoja cha nyama, akaomba maji ya kunawa. Kwetu mgeni akinawa mapema hivyo, mwenye nyumba amekwisha kusemwa. Baadaye nikawasikia jikoni.

"Mkwe wangu, chumvi umeiwahisha. Maharage hayapendi chumvi kabla hayajaiva."

"Nisamehe mama, lakini sikutia chumvi hata chembe."

"Basi ni ya kwenye nyama. Nyama ya moshi haitiwi kwenye maharage mabichi. Hukufundishwa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue daftari. Nimepikia wanafunzi wa bweni maharage kwa miaka mingi, na nimeona mara nyingi kwamba sufuria ikigoma, wa kwanza kulaumiwa ni mpishi na wa pili ni chumvi. Wakati mwingine wote wawili hawana hatia. Nilimwomba wifi asimwage chochote: si maharage yaliyobaki kwenye pipa, si maji ya ndoo, si mchuzi wenyewe. Nikaanza kuuliza.

Wifi ni mzaliwa wa Tanga, ameolewa na mdogo wangu, wanaishi Gungu hapa Kigoma mjini. Maharage aliyokulia ni ya nazi, na nyama aliyokulia ni ile inayokamuliwa ndimu kabla ya kitu kingine chochote. Nyama ya moshi alikuwa ameila kwetu mara mbili tatu, lakini kuipika ilikuwa siku yake ya kwanza. Nyama yenyewe ilitoka kijijini. Kulikuwa na harusi, dume likachinjwa, na paja moja na mbavu vikabaki. Vikakatwa mikanda minene, vikapakwa chumvi, vikalazwa juu ya uchaga wa miti mibichi, chini moto mdogo wa kuni uliofukizwa mchana na usiku kwa siku mbili. Mama aliileta imefungwa kwa majani ya mgomba. Ukiishika, nje nyeusi inayong'aa, ngumu kama soli ya kiatu. Ukiikata, ndani rangi ya kutu, na harufu yake inajaza nyumba nzima.

Nataka tuielewe nyama hii kwanza, maana ndiyo iliyoshtakiwa. Kubanika ni kazi tatu kwa wakati mmoja. Chumvi huvuta maji kutoka ndani, joto la chini huyakausha, na moshi huacha juu ya nyama fenoli zinazozuia vijidudu na kuchelewesha mafuta kuchacha. Ndiyo maana mkanda mmoja hukaa wiki kadhaa bila friji, mradi unapigwa na hewa. Ukiufungia kwenye mfuko wa nailoni, unyevu uliobaki katikati hutoka nje na ukungu huota siku chache tu. Kwa hiyo kinachoingia kwenye sufuria pamoja na nyama ni chumvi, moshi, masizi na mafuta. Hakuna tindikali ya kutisha ndani yake.

Tena kupika maharage na nyama ya namna hii hakukuanzia kwetu. Waserbia wana supu yao wanayoiita pasulj, na mbavu za moshi ndizo zinazoipa roho. Wabrazil wana feijoada, maharage meusi na nyama za chumvi na za moshi ambazo hulowekwa kwanza kupunguza chumvi. Marekani, mgahawa wa Seneti hupika kila siku supu ya maharage meupe na mguu wa nguruwe wa moshi. Huko kote nyama yenye chumvi hukaa na maharage ndani ya sufuria moja kwa saa nyingi, na maharage yanaiva mpaka yanapondeka. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nisite kuihukumu nyama ya mama.

Sasa maharage. Yalikuwa ya njano, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia, kwa sababu maharage ya njano yanapendwa Kigoma nzima kwa kuwahi kuiva. Mtu anayetaka kuokoa mkaa ndiyo anayoyachagua. Wifi aliyanunua debe zima Julai ya mwaka jana, bei ilipokuwa chini baada ya mavuno, akayatia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, akaliweka stoo. Aprili hii alipolifungua hakukuta hata tundu moja la bungua. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi: pipa lililobana hunyima wadudu hewa wakafa kabla hawajazaana. Lakini stoo ile ni kijumba cha mabati nyuma ya jiko. Niliingia saa saba mchana nikashindwa kukaa dakika tano.

Nilichukua kiganja kimoja cha maharage yale na kiganja kingine cha maharage mapya, ya mavuno ya Januari, niliyoyanunua sokoni siku iliyofuata. Nikaviweka sambamba mlangoni penye mwanga. Ya Januari yalikuwa njano ya kiini cha yai la kienyeji. Ya pipani yalikuwa yameelekea kahawia, kama yamepakwa chai. Wifi alikuwa hajawahi kuyaona yakiwa pamoja, ndiyo sababu hakuiona tofauti hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo wapishi wengi wanalichanganya, na mimi mwenyewe nililichanganya kwa miaka. Kuna maharage yanayokataa kunywa maji, ambayo ukiyaloweka usiku kucha asubuhi yako vilevile, madogo na makavu. Na kuna yanayokunywa vizuri, yakavimba, yakajaa, kisha yakakataa kuiva. Ya kwanza tatizo lake ni ganda. Ya pili tatizo lake liko ndani kabisa. Ya wifi yalikuwa ya pili, ndiyo maana yalimdanganya. Asubuhi aliyaona yamevimba akajua kazi imekwisha.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chembechembe za harage zimeshikanishwa na gundi ya asili iitwayo pektini, ileile inayofanya jemu ya mapera igande. Harage kuiva ni gundi hiyo kuyeyuka ili chembe ziachane na lipondeke kwa kidole. Maharage yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, kalsiamu na magnesiamu iliyokuwa imefungiwa ndani ya mbegu huachiliwa na kwenda kuikaza gundi ile. Pipa huzuia bungua. Halizuii joto la mabati. Kwa hiyo maharage yalikuwa salama kabisa kuliwa, hayana mdudu, hayana ukungu, lakini yalikuwa yamezeeka.

Nikamwomba wifi anisimulie siku nzima, bila kuruka. Jumamosi jioni alipembua na kuchagua kilo moja, akailoweka kwa maji ya kisima cha jirani, kwa sababu bomba lilikuwa halitoi maji siku ya tatu. Jumapili asubuhi akamwaga maji yale, jambo ambalo ni sahihi, maana hutoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Nyama akaiosha kwa maji baridi, akaikamulia ndimu tatu ili kukata harufu ya moshi, akaiacha ikae nusu saa. Kisha akafanya kama anavyopika nyama siku zote: mawese, kitunguu, nyanya sita zilizosagwa, nyama na ndimu yake, vikachemka pamoja. Ndipo akamimina maharage mabichi na maji ya kisima, saa tano kasoro dakika kumi. Mchuzi ulipopungua aliongeza maji, mara nne kwa hesabu yake. Aliepua saa nane na nusu. Ni saa 3 na dakika 40 za mkaa.

Alipofika kwenye ndimu na nyanya aliniangalia usoni akanyamaza. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa.

Washukiwa wengine niliwaondoa haraka. Jirani mmoja alisema ni kwa sababu ya mwinuko, kwamba maji ya sehemu za juu huchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Ni kweli, lakini Ziwa Tanganyika liko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari na maji hapa huchemka karibu na nyuzijoto 97. Kasulu iko juu ya mita 1,200, maji yake huchemka kwa joto dogo zaidi, na mama amepikia maharage huko maisha yake yote. Mdogo wangu alisema mkaa ulikuwa mbichi. Lakini wifi na binti wa kazi wote wanasema sufuria ilitokota muda wote. Kuongeza maji ya baridi kulichelewesha kidogo kila mara, si zaidi. Na wote hao hata wangejumlishwa wasingefikisha saa tatu na nusu.

Waliobaki ni wanne: uzee wa maharage, maji ya kisima, uchachu, na chumvi ya nyama. Maji ya kisima niliyashuku kwa sababu ya sabuni. Wifi alishaniambia kwamba akifulia maji yale povu halipatikani, na sufuria yake ya chai ina ukoko mweupe ndani. Hiyo ni alama ya maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na tumeona kazi ya hizo mbili kwenye gundi ya harage. Uchachu nao hufanya kazi kwa njia yake: pektini huyeyuka polepole mno kwenye maji yenye tindikali. Mtu yeyote aliyewahi kutia nyanya nyingi kwenye maharage yasiyoiva na kuona yamesimama palepale ameliona hilo, hata kama hakujua jina lake.

Chumvi ndiyo niliyotaka kuitazama kwa makini, kwa sababu kila nyumba ninayoijua inasema ni adui. Chumvi ya kawaida ina sodiamu. Harage likilowekwa kwenye maji yenye chumvi kiasi, sodiamu huingia gandani na kuchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu, na gundi inalegea. Kwa kitabu, basi, chumvi inapaswa kusaidia. Lakini mama hali kitabu. Nikasema tutapika.

Jumamosi mbili tulipika sufuria ndogo saba, kila moja gramu 100, kwenye jiko lilelile la gesi, moto mmoja. Mara kwa mara tulitoa maharage kumi na kuyabonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Tisa yakipondeka bila kukwaruza, tuliandika muda. Mama alikuja kukaa pembeni kwenye kigoda kuanzia sufuria ya tatu na hakuondoka.

Maharage ya pipani, maji ya kisima, bila kitu kingine, yaliiva kwa saa 2 na dakika 10. Ni muda mrefu, lakini yaliiva. Yaleyale kwa maji ya bomba, ambayo sasa yalikuwa yamerudi, saa 1 na dakika 50. Yaleyale kwa maji ya kisima pamoja na kipande cha nyama ya moshi tangu mwanzo, bila nyanya wala ndimu, saa 2 na dakika 5. Hiyo ndiyo sufuria niliyoipika kwa ajili ya shtaka la mama. Alibonyeza harage mwenyewe, akalitazama, akabonyeza la pili.

Kisha yaliyolowekwa kwa chumvi. Kijiko kimoja cha chakula, kilichopigwa bapa, kwa kila lita moja na nusu ya maji ya kisima, usiku kucha, asubuhi yakasuuzwa na kuchemshwa kwa maji ya kisima matupu. Saa 1 na dakika 25, na maganda yake laini kuliko yote, hayakubanduka na kuelea kama makapi. Wifi aliruka.

Maharage ya pipani, maji ya kisima, nyanya na ndimu tangu mwanzo: tulizima gesi baada ya saa 3 na nusu, na kati ya maharage kumi ni manne tu yaliyopondeka. Ilikuwa ni Jumapili ile ndani ya sufuria ndogo. Nilionja nikaitambua ile chaki ya kwanza.

Tungeishia hapo tungesema nyanya na ndimu ndizo zenye kosa, tukafunga kesi. Lakini zilibaki sufuria mbili za maharage ya Januari. Yenyewe peke yake kwa maji ya kisima yaliiva kwa dakika 55. Na pamoja na nyanya na ndimu tangu mwanzo yaliiva kwa saa 1 na dakika 45. Yalichelewa, ganda likawa gumu kidogo, lakini yaliiva na yangelika mezani bila mtu kunawa mapema.

Hiyo sufuria ya mwisho ndiyo iliyonifundisha mimi. Maharage yaliyozeeka peke yake yangeiva. Uchachu peke yake kwenye maharage mapya ungesameheka. Wifi amepika hivyo mara ngapi kwa maharage mapya, nyanya kwanza na maharage baadaye, na kila mara yakaiva, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kudhani kuna kosa. Makosa mawili madogo yalikutana siku moja, juu yake maji magumu, mbele ya mkwe. Na nyama ya moshi ilihusika kwa namna moja tu: harufu yake ndiyo iliyomfanya akamue ndimu tatu.

Nyama nayo iliharibiwa na kungojea. Nyama hii ikichemshwa polepole kwa saa moja na nusu hivi, ule ukano wake huyeyuka na kuupa mchuzi unene unaonata midomoni. Ikipita hapo mara mbili hubaki nyuzi, na chumvi yake yote na masizi yake yote yamekwisha kuhamia kwenye mchuzi. Kila mara wifi alipoongeza maji kwa ajili ya maharage, nyama ilizidi kutoa. Vitu viwili vyenye saa mbili tofauti vilifungiwa sufuria moja, na chenye haraka kikamsubiri chenye uvivu.

Mama alitaka tujaribu pia magadi, kwa kuwa bibi alikuwa akiyatumia. Magadi yanafanya kazi, tena haraka, maana ni kinyume cha uchachu: pektini huyeyuka upesi. Lakini yakizidi hata kidogo mchuzi huwa na ladha ya sabuni, na yanaharibu vitamini B1 ya maharage. Kwa maharage yaliyozeeka sana, chembe mbili za magadi kwa kilo moja ni msaada wa dharura. Mimi ningeanza na chumvi kwenye maji ya kuloweka.

Na kuna onyo moja ambalo sitaki lipotee humu, kwa sababu sasa watu wanabana matumizi ya mkaa kwa kupikia kwenye kapu la kutunza joto au kuacha sufuria kwenye majivu ya moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayosababisha kutapika na kuhara. Inakufa kwa kuchemka kwelikweli, si kwa joto la uvuguvugu. Loweka angalau saa tano, mwaga maji, kisha yatokote kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto au kuyahamishia kwenye kapu. Yale magumu ya Jumapili hayakuwa na hatari hiyo, yalikuwa yametokota zaidi ya saa tatu. Ugumu na usumu ni mambo mawili.

Baada ya majaribio wifi alisema atapika tena kabla mama hajarudi Kasulu. Nikamwambia tutumie maharage ya Januari. Akakataa.

"Wifi, nikipika mapya watasema maharage ndiyo yaliyonisaidia. Nitapika haya haya."

Alichukua nusu kilo kutoka kwenye pipa. Akaloweka kwa maji ya bomba na chumvi usiku kucha, akasuuza mara mbili, akachemsha kwa nguvu dakika kumi, akapunguza moto na kufunika. Hakutia kitu kingine. Nyama, mikanda miwili, aliisugua kwa maji ya moto na mgongo wa kisu mpaka masizi yakaacha kutoka, akailoweka saa nzima kwenye maji ya uvuguvugu, akamwaga, akaionja ncha kwa ulimi. Ilikuwa bado na chumvi, lakini ya kistaarabu. Hakugusa ndimu. Akaibandika kwenye sufuria yake yenyewe na kitunguu kimoja kizima na kipande cha tangawizi kilichopondwa, moto mdogo, saa moja na robo. Mchuzi wake akauchuja kwa kitambaa. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi, juu yake mafuta yanaelea kama vishilingi vya dhahabu.

Saa moja na dakika kumi maharage yalipondeka, yote kumi. Hapo ndipo vitu vilipokutana. Alichota pawa mbili za maharage, akayaponda kwa mwiko kwenye bakuli, akayarudisha ili supu iwe nzito. Akakata nyama vipande vya kidole kimoja, akatia na mchuzi wake kidogo kidogo, anaonja kila mara. Aliacha karibu kikombe kizima cha mchuzi ule bila kukitia, kwa sababu chumvi ilikuwa imefika. Pembeni, kwenye kikaango, vijiko viwili vya mawese, kitunguu kilichokatwa vyembamba, kitunguu saumu, na mwisho nyanya mbili tu, zikakaangwa mpaka maji yakaisha na mafuta yakatengana. Mawese hakuyaunguza, yakiungua hupoteza ule wekundu, ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A. Akamimina vyote kwenye sufuria, moto mdogo, dakika ishirini. Nyanya sasa hazikuwa na kitu cha kuzuia, maharage yalishaiva.

Harufu ilikuwa ya jikoni kwa bibi wakati wa mvua. Moshi na mawese vinapatana kuliko vitu vyote ninavyovijua, na sijui kwa nini watu wa mjini wanaupika moshi kana kwamba ni doa la kuondolewa.

Mama alikula, akaongeza, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Hakusema kuhusu Jumapili ile. Alipokuwa akinawa alimuuliza wifi, "Mwanangu, ile chumvi ya kulowekea ulisema kijiko kipi, cha chai au cha chakula?"

"Cha chakula, mama. Kwa lita moja na nusu. Halafu unasuuza."

"Ninasuuza," mama akarudia, taratibu, kama anaiweka mahali.

Pipa sasa limehamishwa kutoka stoo ya mabati, liko chini ya kitanda cha watoto, chumba chenye dari. Ndani yake zimebaki kilo tisa hivi. Wifi amepanga zimalizike kabla maharage ya Juni hayajaanza kushuka kutoka milimani, na mwaka huu atanunua nusu debe badala ya debe. Nyama imebaki mikanda minne, imening'inizwa juu ya jiko la kuni nyuma ya nyumba, na Ijumaa tunapika miwili.